Mume wangu amejaza nyumba vifaa vya sola, mbona Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, inakula vile vile?

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Naishi Busia upande wetu wa Uganda, mtaa wa Sofia, mahali ambapo ukirusha jiwe vibaya linaangukia Kenya. Nina friji moja ambayo ndiyo duka langu: nauza juisi ya pasheni na maji baridi kwa madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao mpakani. Mume wangu ni wa boda boda. Si mlevi, hanipigi, pesa ya chakula anatoa. Naanza na hayo usije ukadhani nimekaa kumsengenya.

Ugonjwa wake ni sola.

Ilianza na taa ya nje, ile kubwa yenye rimoti, iliyoandikwa wati 500 kwenye boksi. Alitoa shilingi 150,000 za Uganda. Ikafuata pawabenki yenye sola mgongoni, 70,000. Kisha feni ya sola 90,000, redio yenye tochi 60,000, na mwisho vitaa sita vya kuchomeka ardhini kama vya hotelini, 50,000. Shangazi, sisi uani kwetu kuna kamba ya nguo na kuku wanne. Vitaa vya hotelini vya nini?

Nikimuuliza anasema anatuokolea pesa ya umeme. Anasema jua ni la Mungu, halina bili, na haba na haba hujaza kibaba. Sasa mimi nimeweka risiti. Mwezi wa mwisho kabla ya sola nilinunua Yaka ya 60,000, nikapata yuniti 73. Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa 57,000, 61,000 na 58,000. Kibaba kiko wapi?

Na vifaa vyenyewe! Ile taa ikifika saa moja jioni inamulika hadi kwa jirani, lakini saa nne usiku imebaki kama jicho la paka. Feni haimalizi saa nzima. Pawabenki anaianika juu ya mabati kama mtu anayekausha mihogo, na siku hizi imevimba tumbo kama chura. Jioni anaishusha na kuiweka dirishani, kwenye chumba cha watoto.

Ningesema sola ni utapeli, yaishe. Lakini mdogo wangu ameolewa Majanji, kule ziwani, nyumba yao haina umeme. Alinunua taa moja tu ya sola kwa 65,000, ina sehemu ya kuchaji simu. Zamani alikuwa anachoma mafuta ya taa ya 500 kila usiku kwenye koroboi, na mara tatu kwa wiki analipa 500 kuchaji simu senta. Yeye anaapa ile taa imemwokoa. Mume wangu akisikia hivyo ananitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Nyumbani tuna friji, televisheni, pasi (kila asubuhi napiga yunifomu), birika la umeme la lita mbili ambalo hujazwa mara mbili kwa siku, taa tatu za ndani, na ile ya nje tuliyoizima baada ya sola kuja. Simu ni tatu. Napikia makaa, kama 2,500 kwa siku. Umeme wenyewe hukatika mara kwa mara, hilo silikatai.

Sasa kumekuja ajenti wa sola ya televisheni. Amana ni 200,000, halafu 3,500 kila siku kwa miezi 24. Mume wangu anasema 3,500 ni pesa ya abiria mmoja tu. Ajenti anarudi Jumamosi kuchukua amana. Nifanyeje? Na kati ya mume wangu na mdogo wangu, nani mkweli?

Mama Shamim, Busia

JIBU

Marahaba mwanangu.

Kabla ya hesabu yoyote, inuka uitoe hiyo pawabenki kwenye chumba cha watoto. Betri ya lithiamu iliyovimba ina gesi ndani na inaweza kushika moto bila mtu kuigusa. Usiichaji tena, usiitoboe kuona kuna nini, usiitupe kwenye moto wa takataka. Iweke nje kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na mikono ya watoto, kisha mume wako amtafute fundi anayepokea betri mbovu. Mimi nakungoja hapa.

Haya.

Niliuza vitu vya umeme hapa Bombo miaka mingi kabla magoti hayajakataa kusimama kaunta, na sola za aina hiyo nimeziuza nyingi. Nilijifunza jambo moja. Mteja aliyetoka kijijini kusiko na nguzo hakurudi kulalamika. Alirudi kumnunulia mama mkwe. Mteja wa mjini mwenye soketi ukutani ndiye aliyerudi baada ya miezi miwili, amebeba kitu kwenye mfuko wa plastiki, uso umekunjamana. Kitu kilikuwa kile kile, kimetoka boksi lile lile. Ndiyo maana nakwambia mdogo wako ni mkweli, na mume wako pia hakudanganyi. Amechukua hesabu ya Majanji akaileta Sofia.

Kifaa cha sola kinaokoa ile pesa ya kitu ambacho kinachukua nafasi yake, basi. Mdogo wako aliondoa nini? Koroboi ya 500 kila usiku, hiyo ni 15,000 kwa mwezi. Akaondoa 500 ya kuchaji simu mara tatu kwa wiki, hiyo ni kama 6,500. Jumla inapita 21,000 kwa mwezi. Taa ya 65,000 ilijilipa ndani ya miezi minne tu, na baada ya hapo kila usiku ni faida yake, bila moshi kifuani na bila hofu ya mtoto kupiga teke koroboi juu ya mkeka.

Sasa njoo kwako. Simu moja ikiisha kabisa, ukaichaji ukutani, inakula kama sehemu mbili katika mia za yuniti. Yuniti unazonunua ukishamaliza zile 15 za kwanza za bei nafuu zinakaribia 900 kila moja ukiweka na VAT ya asilimia 18. Piga hesabu kwenye risiti zako mwenyewe utaona. Sehemu mbili katika mia za 900 ni shilingi 18. Mdogo wako akichaji kwa jua anaokoa 500. Wewe ukichaji kwa jua unaokoa 18. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini haba ya shilingi 18 kujaza kibaba cha 70,000, hata simu zote tatu zikichaji humo kila siku, inataka zaidi ya miaka mitatu. Betri ya namna ile haina miaka mitatu. Yenu haikumaliza hata mwaka.

Hebu tuifungue hiyo Yaka ya 60,000 tuone ndani kuna nini, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapopotea. Macho yetu yanaona taa, tunadhani taa ndiyo inayokula.

Friji ya kawaida, inayofunguliwa funguliwa kama ya biashara, hula kama yuniti moja kwa siku. Hiyo ni 30 kwa mwezi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa kila asubuhi ni yuniti 15. Lita nne za maji kuchemka kwenye birika kila siku ni karibu 13. Televisheni ya kisasa ya wati 40 kwa saa sita ni 7. Taa tatu za LED za wati 9 zikiwaka saa nne kila jioni ni yuniti 3 na kidogo, na ile ya nje ikikesha usiku kucha ni nyingine 3 na kidogo. Simu zote tatu kwa mwezi mzima hazifiki yuniti 2. Jumlisha, utaangukia zile 73 zako karibu kabisa.

Umeona mume wako alipokuwa anapigana? Taa zote na simu zote ni yuniti 8 hivi. Hata vile vifaa vyake vingefanya kazi kama malaika, bila kuharibika, mvua au jua, visingeweza kukuokolea zaidi ya 7,500 kwa mwezi. Alitumia 420,000. Ni karibu miaka mitano kurudisha pesa, na hapo nimehesabu na feni, ambayo haikuondoa chochote kwa sababu hamkuwa na feni kabla. Redio ni hivyo hivyo. Vile vitaa vya hotelini vinawaokolea pesa kuku.

Anasema jua halina bili. Kweli halina, lakini ulichonunua dukani si jua, ni betri ya kulihifadhi, na betri ina umri. Kifaa kidogo cha sola ni betri ndogo iliyovaa kioo mgongoni, na ikichoka kioo hakina kazi tena. Nyingi za bei rahisi hazifunguki, kwa hiyo betri ya elfu chache ikifa, unatupa kitu kizima.

Tuseme kidogo juu ya ile wati 500, maana inanikera tangu nikiwa kaunta. Jua la saa sita mchana hapa kwetu ikweta likipiga mita moja ya mraba lina nguvu ya kama wati 1,000. Paneli nzuri inageuza sehemu moja katika tano kuwa umeme, yaani wati 200. Kwa hiyo ukitaka wati 500 za kweli unahitaji paneli kubwa kuliko mlango wa nyumba yako. Ile ya taa yenu ina ukubwa gani? Kama ni daftari la shule lililofunguliwa, basi hata saa sita mchana bila wingu inatoa wati 12. Kwa saa tano za jua zuri inakusanya wati-saa 60, na kwenye kuingia na kutoka betrini zinabaki 40 na kitu. Umeme huo unatosha kuwasha taa ya wati 14 kwa saa tatu. Saa moja jioni mpaka nne usiku, halafu jicho la paka. Taa yenu haijaharibika mwanangu. Inafanya kila ilichoweza kufanya tangu siku ya kwanza, boksi ndilo lililosema uongo.

Pawabenki nayo ilikuwa na kioo cha ukubwa wa kiganja, sivyo? Hicho ni wati 2 kwa bahati. Kama betri yake ni ile ya mAh 20,000 (kipimo cha ukubwa wa betri, si bei) inayoandikwa kwenye nyingi, ingehitaji zaidi ya wiki nzima ya jua kujaa mara moja. Kwa hiyo naweka dau hata bila kufika Busia: usiku alikuwa anaichomeka ukutani. Nacheka lakini ndivyo wote wanavyofanya. Na ukichaji pawabenki ukutani kisha simu kwa pawabenki, kiasi fulani cha umeme kinapotelea njiani kama joto, afadhali ungechomeka simu moja kwa moja. Kilichoivimbisha ni mabati. Betri ya lithiamu haitaki kuchajiwa ikipita nyuzi 45, na mabati ya mchana hata mkono hauwezi kukaa. Mtu akitaka sola ya kuchajia achague ile ambayo paneli iko mbali na betri, zimeunganishwa kwa waya: paneli ikae juani, betri ikae kivulini. Hiyo ya kubandikwa pamoja ni kumwambia mtu alale ndani ya tanuri ili ashibe mkate.

Sasa sitaki ukakimbie kwa mume wako na karatasi hii mkononi kama hakimu. Yapo mambo amepata. Umeme ukikatika, nyumba yenye taa ya sola ina mwanga, watoto wanamaliza homuweki, wewe unaona chenji ya kumrudishia dereva. Hiyo ina thamani yake, ila iitwe jina lake: ni raha na usalama, haiokoi pesa. Taa ya nje pia iacheni ifanye kazi. Imeshalipiwa, na ile ya LED iliyokuwa ikikesha ilikuwa inakula karibu 3,000 kila mwezi. Paneli ifutwe vumbi kila wiki, na isiegemezwe ukutani kwa sababu imependeza hapo. Sisi jua letu linapita utosini, kwa hiyo paneli ilale karibu kutazama juu, na mwinamo kidogo wa kuteremsha maji ya mvua. Utapata dakika zako zaidi usiku, pengine mpaka saa tano.

Kwa wanaosoma barua hii na wana mita yao peke yao kama Mama Shamim, hesabu ni hiyo. Lakini kuna wapangaji ambao mwenye nyumba anawatoza umeme pesa moja kila mwezi, utumie usitumie. Ninyi mkinunua sola ya kuokoa pesa mnamwokolea mwenye nyumba. Na yule muuza rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) anayelipa jirani 1,000 kila usiku kwa waya mmoja na taa moja, huyo akanunue taa nzuri ya sola leo, wala asinisubiri nimalize. Yuko Kampala lakini hesabu yake ni ya Majanji.

Akienda kununua, asisome wati. Aulize dhamana ni ya muda gani na nani ataiheshimu hapa hapa mjini, atazame kama betri inaweza kubadilishwa, na kama imeandikwa LiFePO4 (aina moja ya betri za lithiamu), maana hizo huvumilia joto na kuchajiwa mara nyingi kuliko nyingine. Kwenye simu yake anaweza pia kutafuta orodha ya VeraSol, ambao hupima vifaa vidogo vya sola na kusema vipi vinatimiza vilichoahidi. Kampuni nyingi za maana zimo.

Turudi kwako, kwenye pesa yenyewe. Unataka kuokoa kwenye Yaka? Anza na pasi. Unaiwasha kila asubuhi, inapoteza muda ikipata moto, unapiga sketi moja na shati mbili, unaizima ikiwa bado ya moto. Piga yunifomu zote Jumapili kwa saa moja bila kukatiza, ukianza na nguo nyepesi pasi ikipata moto na kumaliza na nyepesi baada ya kuchomoa. Yuniti 15 zitashuka mpaka 4 au 5. Hiyo ni kama 9,000 kila mwezi, na hujanunua kitu. Umeshaishinda sola yote ya Baba Shamim kwa kupanga siku ya kupiga pasi.

Birika, chemsha kiasi cha chai unayokunywa na ibaki kwenye chupa ya chai, usichemshe mara ya pili kilichopoa. Friji ndiyo mkulima wako, sitakwambia uizime. Ila funga mlango juu ya noti ya 1,000, uivute: ikitoka bila kukataa, mpira wa mlango umechoka, ubadilishe. Juisi ipoe kwenye beseni la maji kwanza ndiyo iingie, na friji iwe mbali na sigiri (jiko la makaa) na mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Na kama unachemsha maji ya kuoga watoto, ya nini? Jerikeni nyeusi la maji juani tangu asubuhi litawapa maji ya uvuguvugu saa kumi jioni. Hiyo ndiyo sola yangu niipendayo, haina betri. Wavuvi wa Majanji wanakausha mukene (dagaa) kwa sola hiyo tangu zamani, na hakuna ajenti aliyewahi kuwagongea mlango.

Lakini kuna jambo uliliandika katikati ya mistari kama halina uzito, na mimi ndilo lililonifanya nivae miwani vizuri. Makaa, 2,500 kwa siku. Mama Shamim, hiyo ni 75,000 kwa mwezi! Unagombana na mumeo juu ya Yaka ya 60,000, na sigiri iko kona imenyamaza inakula zaidi ya mita. Tangu Rais alipozuia biashara ya makaa kutoka kaskazini, mwezi wa tano 2023, nani ameona gunia likirudi bei ya zamani? Hakuna feni wala taa ya sola inayogusa sehemu hiyo ya pesa yako.

Kama Baba Shamim ana hamu ya kununua chombo, na naona anayo, mwelekeze kwenye sufuria ya presha ya umeme. Maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva humo kwa kama nusu yuniti, sufuria ikishapanda presha inajizima na kuwaka kidogo kidogo. Tena bei ya umeme wa nyumbani ina mlango wa nyuma ambao watu hawaujui: ukipita yuniti 80 kwa mwezi, zile za 81 mpaka 150 zinauzwa karibu nusu bei, zimewekwa makusudi kwa ajili ya kupikia. Wewe ukiokoa kwenye pasi utakuwa kwenye 63. Ukipika humo vyakula vizito, tuseme yuniti moja kwa siku, utafika 93, na nyongeza itakugharimu kama 21,000 au 22,000. Makaa yakishuka kutoka 2,500 hadi 1,000 kwa siku umeokoa 45,000. Tofauti ni zaidi ya 20,000 kila mwezi, pesa ile ile anayookoa mdogo wako kwa taa yake. Chapati na ugali endelea navyo kwenye sigiri, mimi mwenyewe sijaona umeme unaoheshimu chapati.

Pima lakini, usiniamini tu. Kwa wiki moja andika namba iliyobaki kwenye mita kila siku saa moja jioni, mwambie Shamim ndiye aandike kwenye daftari. Wiki ya pili hamisha pasi iende Jumapili, uandike tena. Mume wako ni mtu wa vifaa, na mtu wa vifaa hasikii maneno, anasikia namba. Akiona yuniti zinashuka atataka kuwa yeye ndiye aliyevumbua. Mwache avumbue.

Feni iuze ingali inazunguka. Redio yenye tochi ipelekeni kwa mkwe wako kijijini. Vitaa vya hotelini nimevifikiria sana, sina la kusema juu yake.

Kuhusu Jumamosi. Mfumo ule si wizi. Kwa nyumba isiyo na umeme wala televisheni, kulipa kidogo kidogo kumewaletea mwanga watu ambao wasingeweza kutoa pesa yote mara moja. Kwenu, televisheni ipo na soketi ipo, na televisheni hiyo inakula yuniti 7 kwa mwezi, hazifiki 6,500. Mtaacha kulipa 6,500 ili mlipe 105,000. Ukijumlisha na amana, mpaka mwisho ni zaidi ya milioni mbili na laki saba. Abiria mmoja kwa siku, ndiyo, lakini pikipiki ikilala garaji siku tatu, au mvua ikikesha, ile 3,500 bado inadaiwa, na chombo hujifunga pale ambapo malipo yamesimama.

Ajenti akija usimfukuze, ni kijana anatafuta kama wewe. Mpe kiti, mpe juisi ya baridi. Kisha aulize Baba Shamim mwenyewe, si wewe: bei yote kwa jumla, mpaka siku ya mwisho, ni shilingi ngapi? Kijana akianza kujibu kwa siku, Shamim awe karibu na daftari lake.

Shangazi, Bombo